Mkia wa Kitenge kwenye Mdomo wa Bomba

Nyinyi mnaojifunza kuchomelea siku hizi mmepata raha. Mna vizibo vya mpira vinavyojazwa upepo, vinakuja ndani ya sanduku na kitambaa laini kama viatu vya bwana harusi. Mna kamashine ka kupima kama hewa imekwisha ndani ya bomba, kanalia kenyewe. Sisemi vibaya, ningekuwa navyo enzi zangu ningevitumia mpaka vitoboke. Lakini iko siku mtajikuta kwenye karakana ndogo, bomba lina kipimo cha ajabu ambacho hakuna kizibo cha dukani kinachoingia, na lori la mteja liko njiani. Siku hiyo mtatafuta kadibodi na mkasi. Ndiyo maana naandika haya.

Mniwie radhi kwa mwandiko. Shule niliiacha mapema kule Majengo, Mombasa. Marehemu baba alisema akili za mtoto huyu zimeteremka zote mikononi, akanipeleka kwa fundi wa mageti. Mke wangu naye husema nikitumwa maziwa narudi na habari za talaka ya jirani, na maziwa sina. Kwa hiyo nikipotea njiani, ningojeni, nitarudi.

Hapa London sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa mabomba ya stenlesi, chuma kisichoshika kutu. Karakana yetu ilikuwa chini ya tao la reli, upande wa Stratford. Treni ikipita juu, vumbi linadondoka kwenye chai. Tulizoea, tukawa tunafunika vikombe kwa mkono bila hata kufikiri. Mpaka leo nikisikia treni nafunika kikombe, wajukuu wananicheka.

Basi, stenlesi. Chuma cha geti ukikichomelea, unakichomelea kwa nje na mambo yamekwisha. Stenlesi ya bomba ina pande mbili, na upande wa ndani ndio wenye kazi, kwa sababu huko ndiko kunakopita maziwa, au bia, au dawa. Moto ukiwaka nje, ndani nako kunaiva. Kukiwa na hewa ya kawaida, mshono wa ndani unaungua na kufanya vidonda vyeusi vyenye chengachenga, kama sukari iliyosahauliwa kwenye sufuria. Na sisi tuliita hivyo hivyo, sukari. Maziwa yakipita hapo yanaganda kwenye vile vidonda, yanaoza, na mteja anarudisha bomba lote.

Aliyenionyesha sukari ni Desmond, Mjamaika, mtu mrefu, asubuhi hasemi na mtu mpaka anywe chai. Nilikuwa mgeni, nimemaliza mshono wangu wa kwanza, nje umelala vizuri kama magamba ya samaki changu. Nikasimama kando nikingoja sifa. Desmond hakuutazama. Akachukua tochi, akamulika ndani, akaniita kwa kidole.

"Salim, umepaka mlango rangi," akasema, "lakini jikoni kunaungua."

Nikachungulia. Wallahi, niliona kama mdomo wa mtu aliyekula makaa.

Ndipo akanifundisha kufukuza hewa. Unaziba bomba pande mbili za mshono, huku na huku. Kwenye kizibo kimoja unapitisha mpira mwembamba wa gesi ya argoni. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo unaiingizia chini, ijae polepole kama maji kwenye ndoo, isukume hewa juu. Na kwenye kizibo cha pili, upande wa juu, unaacha katundu kadogo hewa ipate pa kutokea. Ule mwanya unaotaka kuuchomelea unauzungushia tepu, halafu unaibandua kidogo kidogo kadiri unavyokwenda. Ukitaka kujua kama hewa imekwisha, kwa sisi tusiokuwa na mashine, unasogeza kiberiti cha gesi kwenye katundu. Moto ukizimika kama umefinywa, ngoja kidogo tena kisha anza. Ukiendelea kuwaka, kanywe chai urudi.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri, hapa sifanyi mzaha. Gesi hii haina harufu wala haimkohozi mtu. Inakaa chini, kwenye shimo, kwenye tangi, ndani ya bomba kubwa, na pale ilipo hakuna hewa ya kuvuta. Mtu akiingiza kichwa anaanguka kabla hajajua kama anaanguka. Desmond alikuwa amemzika rafiki yake kwa jambo hilo. Hakulisimulia zaidi ya mara moja, na mimi sikumuuliza tena. Msiingize kichwa.

Vizibo tulitengeneza wenyewe. Nimetumia sponji za kuoshea vyombo, nimetumia mipira ya baiskeli, glavu za hospitali zimefungwa mdomo, vifuniko vya makopo ya maziwa ya unga. Kila fundi alikuwa na mapishi yake. Otieno, fundi mwenzetu wa Kisumu, siku moja aliishiwa na tepu akaziba kwa donge la unga. Si unga mtupu, jamani, donge la maandazi, la hamira, mkewe alikuwa amemfungia alipeleke kwa dada yake. Moto ulipokolea, donge likaumuka. Likaziba kale katundu ka kutokea hewa. Gesi ikawa inaingia tu, haitoki, na Otieno amejiinamia anachomelea, hana habari. Alipofika mwisho wa mshono, chuma kilichoyeyuka kikarushwa nje, puu! Kikakaa kwenye kofia yake ya kioo. Karakana nzima ilinuka mkate. Desmond alikaa chini kabisa akicheka, miguu imenyooka.

"Bora ungelikaanga," nikamwambia Otieno.

"Wewe cheka tu, mzee. Nitamwambia nini mama watoto?"

Kwa hiyo lile tundu la kutokea hewa, msilisahau. Tuendelee.

Nilitaka kuwaeleza habari za Furaha. Alitokea Bukavu, Kongo, mama wa watoto wawili, mume alimpoteza huko huko na hakupenda kulizungumzia. Alipofika alikaa miaka anangoja karatasi zake, anakwenda Croydon kwenye ofisi ya uhamiaji na kurudi, anakwenda na kurudi. Alipopata ruhusa ya kufanya kazi akaanza usafi wa maofisi usiku. Watoto wanalala kwa jirani, yeye anarudi alfajiri, anawaamsha, anawapeleka shule. Halafu mchana, badala ya kulala, akawa anakwenda chuo kujifunza kuchomelea. Nilimuuliza kwa nini kuchomelea. Akasema, "Papa Salimu, juu ya ule moto hakuna mutu anakusemesha."

Terry, mwenye karakana, Mwingereza wa hapa hapa mashariki mwa London, alimchukua kwa majaribio. Si mtu mbaya Terry, ila uso wake umeumbwa kama umeshakataa kabla hujaomba. Alimwambia Furaha wazi: mwisho wa majaribio nitakwambia ndiyo au hapana. Ikiwa ndiyo, ni kazi ya mchana na mkataba. Ikiwa hapana, Furaha anarudi kwenye mifagio ya usiku na watoto wanaendelea kulala kwa watu. Sote tulilijua hilo. Tukawa kama familia inayongoja matokeo ya mtihani wa mtoto mmoja.

Mkono wake ulikuwa mzuri, mtulivu. Na vizibo alitengeneza kwa namna yake. Gundi ya dukani hakuipenda, alisema ikipata moto inatoa moshi na kuchafua mshono. Kwa hiyo alipika gundi ya unga wa ngano nyumbani, ile tuliyokuwa tukibandikia tiara utotoni, akaja nayo kwenye kopo la majarini. Anakata duara za kadibodi, anazibandika moja juu ya moja, anazungushia ukingo vipande vya gazeti, kisha anazikausha juu ya redieta ya kupashia nyumba joto usiku kucha mpaka zigonge kama mbao. Kukauka ni lazima. Unyevu ukibaki, moto unautoa mvuke na mshono unaingia matundu.

Otieno alimtania kila siku. "Mama Kongo, leo uji wa bomba una sukari?"

"Kwa yako ya maandazi tutaweka chai," Furaha anajibu bila kugeuka.

Mimi pia nilicheka ule uji, ila nilivipima vile vizibo kwa kiberiti na havikuvuja. Nikaacha kucheka.

Ikaja Ijumaa ya mwisho ya majaribio. Kazi ilikuwa bomba la kiwanda cha maziwa. Lina mdomo mpana upande mmoja, mshono wa Furaha karibu na mdomo huo, halafu kona, kipande kilichonyooka, kona tena, na mwisho linabanwa kuwa jembamba, limeshawekewa flanji, ile pete ya kuungia bomba jingine, tundu lake dogo. Lori linakuja saa tisa.

Ukiziba bomba kama hilo, kizibo cha mbali huwezi kukifikia kwa mkono ukimaliza. Kwa hiyo vizibo viwili unaviunganisha kwa kamba, ili ukivuta cha karibu, cha mbali kifuate. Mpira wa gesi na katundu ka kutokea hewa Furaha aliviweka vyote kwenye kizibo cha karibu. Akapitisha kamba katikati ya kila kizibo, na nyuma ya fundo akaweka kifungo lisipenye. Alikuwa amemaliza vifungo vya shati lake la zamani, basi cha mbali akaweka kifungo cha koti la mwanawe mdogo, kikubwa, cha buluu.

Kamba yenyewe ilikuwa ya nailoni, ya kuanikia nguo.

Mmeshaona? Mimi sikuona, nilikuwa benchi nyingine. Kamba ile inapita chini ya mshono wenyewe, ndani, mahali chuma kinapoyeyuka. Furaha alichomelea vizuri, akangoja bomba lipoe, akavuta. Kizibo cha karibu kikatoka na kipande cha kamba urefu wa kidole, ncha imeungua imekuwa nyeusi.

Akaja kwangu amekishika mkononi kama mtu aliyeokota ndege aliyekufa.

"Papa, kimoja kimebakia mule ndani."

Nikachukua waya, nikakunja ndoano, nikapitisha. Kona ya kwanza ikapita kwa taabu, ikagusa kitu, ikaparura tu. Kizibo kimekaa kwenye kile kipande kati ya kona mbili, kimebana kama kilivyotakiwa kubana. Fimbo haipiti kona. Tukajaribu upepo wa kompresa, ukaturudia mdomoni, kizibo wala habari hakina.

Otieno akasogea, akatazama mlango wa ofisi ya Terry, akapunguza sauti. "Sikieni. Nyamazeni. Bomba liende hivyo hivyo. Maziwa yakianza kupita na ile presha, kitasukumwa kitoke huko mbele. Nani atajua kilikuwa cha nani?"

"Kikikwama kwenye pampu ya watu je?" nikamuuliza.

"Mzee, leo ni Ijumaa! Leo! Huyu Terry akisikia, huyu mama Jumatatu yuko na mopu. Wewe utalala vizuri?"

Msimwone Otieno mbaya. Alisema hivyo kwa kumhurumia, macho yake yalikuwa mekundu. Na nitawaambia kweli, mimi niliirudia ile ndoano ya waya, nikachokoachokoa.

Furaha ndiye aliyesema. "Hapana. Maziwa itapita mule, ya watoto ya watu. Mi naenda kumwambia."

"Ngoja kwanza tufikirie," Otieno akasema.

"Nikingoja nitaogopa."

Akaenda. Nikamfuata, maana Kiingereza chake kikipata hofu kinakimbia. Lakini hakunihitaji. Alikiweka kile kipande cha kamba juu ya meza ya Terry, akamwambia amefunga kwa nailoni, imeungua, kizibo kimebaki ndani, lori linakuja saa tisa. Basi. Hakuweka "samahani" kumi mbele wala nyuma.

Terry alikitazama kile kipande. Akatutazama. Sisi tukatazama sakafu. Treni ikapita juu, na mimi mjinga nikafunika kikombe cha Terry kwa mkono.

"Kizibo cha nini?" akauliza.

"Kadibodi."

"Kimebandikwa na nini?"

"Unga."

"Unga gani?"

"Wa chapati," Furaha akasema.

Terry akanigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye balozi wa chapati. Na hapo ndipo mimi na Furaha tulipotazamana, nadhani kwa wakati mmoja. Gundi ya dukani ingeng'ang'ania. Unga ukilowana, unarudi kuwa uji.

"Maji ya moto," tukasema.

Terry alishavua koti. Akaenda kwenye kreni ya mnyororo akaanza kuvuta mwenyewe. Tukalining'iniza bomba, mdomo mpana juu, mwembamba chini, ndoo imetegwa. Otieno akawasha birika zote mbili, akaazima na ya jirani wa tao la pili anayetengeneza baiskeli. Tukamimina. Maji yakajaa mpaka mdomoni yakasimama hapo, hayashuki. Kizibo kilikuwa kizuri mno, huo ndio ulikuwa ubaya wake.

Tukangoja. Mtu ukingoja maji yapite unakuwa kama daktari. Mara unaweka sikio, mara unagonga kidogo. Furaha alikaa juu ya kiti cha plastiki, mikono katikati ya magoti, midomo inakwenda, nadhani alikuwa anasali. Mimi nilisoma dua zangu. Otieno alisali pia, ila yeye kwa kuitukana kadibodi.

Ikadondoka tone. La rangi ya chai. Tena. Halafu yakaanza kutiririka mepesi, yenye ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Kisha bomba likaguna, na kizibo chote kikashuka kikiwa uji mzito na vipande vya gazeti, kikaingia ndani ya ndoo kwa kishindo.

Otieno akapiga kelele kama Kisumu wamefunga bao.

"Kifungo," Furaha akasema.

Kweli. Tukamimina ndoo kwenye chujio, tukapekua ule uji kwa vidole, Terry naye amechutama na shati lake jeupe. Kadibodi ipo. Fundo la kamba lipo. Kifungo hakipo. Kimekwama kwenye kona ya pili, na kifungo kikigongwa na pampu kinakuwa risasi. Bomba haliwezi kuondoka. Saa inakaribia tisa.

Tukamimina tena. Maji safi, hakuna kitu. Tukalitikisa, nikaligonga kwenye kona kwa nyundo ya mpira, polepole, kama unamgonga mgongo mtoto aliyepaliwa. Tukamimina tena. Na tena.

Tik.

Kikaanguka pembeni ya ndoo, kikabingirika kwenye saruji, cha buluu, kikasimama chini ya buti la Terry. Akakiokota, akakifuta kwenye suruali, akampa Furaha.

Halafu akataka tochi. Alisema lazima ahakikishe hakuna kadibodi iliyobaki. Akachungulia mdomo mpana, nami nikamshikia mwanga. Kadibodi haichukui muda huo wote kuitafuta. Nikajua anatazama mshono. Palikuwa na mstari mmoja mweusi mwembamba pale kamba ilipoungulia. Akapitisha kitambaa kwenye waya, ukafutika, ulikuwa masizi tu. Kwingine kote, mshono wa ndani ulikuwa unang'aa kama kijiko kipya. Sukari hata chembe.

Terry akanirudishia tochi. Akamwambia Furaha, "Usitumie tena nailoni."

"Sitatumia."

"Jumatatu saa mbili asubuhi. Njoo na kitambulisho, kuna mkataba wa kusaini." Akaenda kumfungulia geti dereva wa lori, ambaye alishaanza kupiga honi.

Furaha alisimama pale pale. Otieno ndiye aliyelia, na mpaka leo anasema ulikuwa mvuke wa birika.

Sasa la kuchukua nyinyi. Vizibo viunganisheni kwa mnyororo mwembamba, ule wa kizibo cha sinki, hauogopi moto. Furaha aliongeza jambo lake mwenyewe tangu wiki ile: mwisho wa mnyororo anafunga ukanda wa kitenge unaoning'inia nje ya mdomo wa bomba, mwekundu au wa manjano, ili kila anayepita aone kwamba humu bado mna kitu. Nilipita pale juzi, mimi mstaafu na fimbo yangu. Yeye ndiye msimamizi sasa. Nikamkuta kijana wa Kiingereza, masikio yamejaa hereni, anamwuliza mwenzake kabla hawajapakia bomba, "Umetoa mkia?" Neno mkia amelitamka hivyo hivyo, kwa Kiswahili. Hata vizibo vya dukani siku hizi wanavifunga mkia.

Kifungo alikirudisha kwenye koti la mwanawe. Alinisimulia yeye mwenyewe, Jumanne ya wiki ile ile ya mkataba, tunakunywa chai. Jumatatu ile alitoka kazini jioni, akawapikia, akalala nao chumba kimoja. Usiku wa manane yule mdogo akaamka akitaka maji, akamwona mama yake yupo. Akakaa kitako kitandani, akaanza kutafuta soksi zake za shule gizani, akamwuliza kwa Kiingereza chao kile: "Mama, kumeshakucha?"

"Bado," akamwambia. "Lala."